Wazungu wa Rwenkanja

"Wananchi wa senta ya Rwenkanja, mnatangaziwa rasmi kwamba kuanzia leo mtajulikana!"

Hapo msomaji wa tangazo, Bwana Ainembabazi, alinyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kushangilia. Hakuna aliyeshangilia. Mbuzi mmoja alikohoa karibu na kinu cha kusaga mahindi. Bwana Ainembabazi akaandika katika kumbukumbu kwamba wananchi wameipokea habari kwa utulivu, kisha akaendelea na kipaza sauti chake mpaka betri ikaisha.

Na ni kweli, mpaka siku hiyo Rwenkanja haikuwa inajulikana. Ni senta ndogo tu, ukitoka Rwekubo ukiingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kabla ziwa halijaonekana. Ina kinu, ina makanisa kila kona, ina bomba moja la maji na soko lenye paa upande mmoja. Watu wake walikuwa wakiishi ovyo ovyo. Mkongo alijenga ubavuni mwa Mrundi, Mrundi akakopa chumvi kwa Munyankore mwenyeji, Munyankore akanyolewa na Msomali, na katika yote hayo hakuna hata mmoja aliyekuwa na kibali. Wanajeshi wa kambi ya Mbarara walikuja kununua samaki wakaishia kupata wake. Ukimuuliza mtu wewe ni nani, anakutajia jina lake, eti imetosha.

Hali hii ilimuumiza sana Bwana Ainembabazi, ambaye ndiye aliyekuwa Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Uwiano wa Rangi na Asili za Watu, ofisi ya Mbarara, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Lakini tuseme ukweli, kilichomuumiza zaidi ni lile neno la kwanza. Kaimu! Alikuwa amekaimu mpaka Mkurugenzi mwenyewe akastaafu, akaugua, akafa, na Bwana Ainembabazi akasoma rambirambi kaburini akiwa bado Kaimu. Kanisani akina mama walimsalimia mkewe, "Habari, mke wa Mkurugenzi," halafu wakajishika midomo, "Ah, samahani, wa Kaimu." Mkewe alirudi nyumbani siku hiyo akavua viatu, akakaa kitandani na kusema, "Baba Ronah, mimi nimechoka kuwa mke wa muda."

Maneno hayo yalimchoma. Akampigia simu Mheshimiwa Goretti, bosi wake wa Kampala, mama mwenye miwani mikubwa na subira ndogo.

"Niletee ripoti moja yenye kueleweka," Mheshimiwa Goretti alimwambia. "Mji mmoja tu, watu wake wamepangwa vizuri. Hilo Kaimu nitaling'oa kwa mkono wangu mwenyewe."

Ndipo ikachaguliwa Rwenkanja, na ndipo ukazaliwa Mpango wa Safu.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, kama mambo yote makubwa. Kwanza, watu wangehesabiwa kwa rangi na asili. Pili, wangegawanywa katika mafungu yanayotambulika: Wenyeji Kamili, Wenyeji wa Kuja, Wageni wa Zamani, Wageni Wapya, na Wengineo. Tatu, kila fungu lingepewa safu yake sokoni, ili mnunuzi akitaka nyanya ajue ananunua nyanya ya nani. Fungu lenye watu wengi kuliko yote lingepata Safu ya Kwanza, ile yenye paa, iliyo karibu na bomba na inayotazama barabara. Haki bin haki.

Katika safu hiyo yenye paa, siku zote, walikaa wanawake wawili. Mmoja aliitwa Mariette, Mkongo wa Kivu ya Kusini, mkaanga mandazi. Mwingine aliitwa Mackline, mzaliwa wa Bwizibwera, mke wa sajini wa kambi ya Mbarara, mwuza chai ya maziwa. Walikuwa na jiko moja la mkaa, benchi moja na ugomvi mmoja wa kudumu kuhusu nani anamaliza mkaa. Mtu akinunua chai anapewa andazi, akinunua andazi anauliziwa chai. Kiutawala ilikuwa fujo tupu.

Bwana Ainembabazi aliamua kuhesabu yeye mwenyewe. Aliamua pia kwamba maswali yote yaulizwe kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili si lugha ya kabila la mtu yeyote pale, hivyo kingewaonea wote sawasawa. Na ili kuepuka upendeleo, Mwongozo aliouandika kwa mkono wake ulisema hivi: Afisa ataandika anachoambiwa, asishawishike na anachokiona.

Alianzia kwa Mariette.

"Unatoka wapi?"

"Natoka kwa kinu."

"Namaanisha asili."

"Asili ya unga?"

"Asili yako wewe, mama."

"Aaa! Mimi natoka Fizi, papa. Balitukimbiza, tukavuka, tukafika huku. Mwezi huu nimejenga choo."

"Rangi?"

Mariette alimtazama, akautazama mkono wake mwenyewe, akamtazama tena. "Papa, macho yako iko muzima?"

"Mwongozo unamkataza afisa kujijibia."

"Basi andika rangi ya mandazi."

Akaandika: kahawia, iliyoiva. Kazi ikaendelea hivyo hivyo kutwa nzima, na mpaka anamaliza senta alikuwa amekanyaga matope mengi na amekunywa chai ya Mackline vikombe ambavyo hakuvihesabu, kwa sababu yeye alikuja kuhesabu watu.

Kesho yake akapanda bodaboda kwenda pembezoni, upande wa Endiinzi, ambako wafugaji wa Rwenkanja wana maboma yao. Boma la kwanza lilikuwa la Mzee Naboth, mtu mfupi mwenye kofia pana na fimbo, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kulipa. Boma lilikuwa kimya.

"Karibu, daktari!" Mzee Naboth akasema.

Bwana Ainembabazi hakuwa daktari wa chochote, lakini hakuona sababu ya kumvunjia mzee heshima. Akakaa kwenye kigoda, akafungua kalamu, akauliza swali la kwanza la Mwongozo.

"Mzee, wako wangapi hapa kwako?"

Sasa, balaa lote la Rwenkanja lilitoka katika sentensi hiyo, na sentensi yenyewe haina kosa hata moja. Kiswahili kina ukarimu wake. Ng'ombe akipita, anapita kama mtu. Ni wangapi, wako wapi, wamelala, wameamka, lugha haimbagui. Na kwa Mzee Naboth, mtu wa Mbarara mwenye makaratasi na viatu vya kamba hajawahi kuja kuulizia watu. Anakuja kwa ajili ya ng'ombe. Ni chanjo, ni kupe, ni karantini. Na ng'ombe wa huko wako wa namna mbili: wa hapa hapa wenye pembe ndefu, na wale wa maziwa wenye asili ya Ulaya, wenye mabaka meusi na meupe, ambao kila mtu kuanzia Endiinzi mpaka Bwizibwera anawaita wazungu. Mtoto mdogo anajua hilo. Bwana Ainembabazi, kwa bahati mbaya, alilelewa Kampala kwa maziwa ya pakiti.

"Wako mingi, daktari," Mzee Naboth akajibu. "Sasa hivi wameenda maji."

"Rangi zao?"

"Nyekundu iko. Nyeusi iko. Lakini siku hizi mimi napenda wazungu."

Kalamu ikasimama. "Wazungu? Hapa?"

"Mingi sana! Wale wa hapa nimepunguza. Mzungu ni mzuri, iko mpole. Tabu yake ni jua na kupe tu."

"Walikujaje?"

"Mama yao nilitoa Bwizibwera. Akazaa, akazaa."

"Na baba yao?"

"Baba iko Ulaya. Hajafika hapa hata siku moja. Daktari mwenzako alileta kwa sindano."

Bwana Ainembabazi alishusha pumzi. Alikuwa amesikia kwamba sayansi imefika mbali, ila hakujua kama imepitia Endiinzi. Akaandika: uzazi wa kitaalamu.

"Kuna waliochanganya? Nusu mzungu?"

"Nusu iko. Hao ndio ngumu, hawaugui ovyo."

"Wanaishije na wale wa hapa?"

"Wanalala pamoja, wanakula pamoja. Mkubwa mmoja tu iko na kiburi, anapiga wenzake kwa kichwa."

"Umri wao?"

"Wengi miaka tatu, nne. Yule mwenye tisa amezeeka, nataka kumwondoa."

"Wanaume ni wangapi?"

Mzee Naboth akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wanaume? Wazungu wanaume hawapiti Krismasi, daktari!"

Bwana Ainembabazi akaandika kwa masikitiko kwamba vifo vya wanaume viko juu, hasa msimu wa sikukuu, akapendekeza semina. Alipoaga, Mzee Naboth akamshika mkono. "Sasa hii ya kuhesabu wazungu, serikali inaleta nini? Dawa ya kupe?"

"Serikali haisahau watu wake," Bwana Ainembabazi akajibu, kwa sababu ndilo jibu analotoa siku zote.

Jibu hilo lilikimbia kuliko bodaboda yake. Alipofika boma la pili, mwenye boma alikuwa ameshasikia kwamba kuna dawa ya bure kwa wazungu, na wazungu wake wakaongezeka palepale. Boma la tatu wakawa wengi zaidi. Jioni ikamkuta amechoka na amefurahi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aligundua taifa zima!

Ripoti yake ilisomeka vizuri. Ilisema kwamba wakazi wa Rwenkanja na viunga vyake ni Wazungu kwa zaidi ya nusu, wakifuatiwa na Wageni wa Zamani, Wenyeji wa Kuja na wengineo. Ilisema Wazungu hao ni wapole, wafugaji kwa mazingira, hawajui kusoma, na umri wao wa wastani ni miaka minne. Ilisema hakuna hata mmoja aliyefunga ndoa kanisani. Mheshimiwa Goretti aliipokea Kampala, akaisoma mara moja, akapiga simu.

"Ainembabazi, una uhakika?"

"Mheshimiwa, nimeambiwa mwenyewe."

"Basi hii ni kubwa. Nitaisoma kwenye mkutano wa mawaziri."

Aliitwa Ainembabazi, bila Kaimu mbele. Alikata simu akamwambia mkewe kwamba imekaribia, na mkewe akampikia kuku.

Safu ya Kwanza basi ikawa ya Wazungu, kwa mujibu wa Mpango. Askari wawili wa soko wakaja na kamba ya plastiki, wakazungushia sehemu yote yenye paa, wakatundika kibao. Mariette alipewa nafasi nyuma ya kinu, kwa Wageni wa Zamani. Mackline alipewa ng'ambo ya barabara, kwa Wenyeji Kamili. Jiko likabaki kwa Mackline, kikaango kwa Mariette, ambaye ilimbidi akaange nyumbani kwake alfajiri. Siku hiyo chai ilinywewa kavu na mandazi yalilala mpaka yakawa kama ya kumpigia mtu. Mariette, aliyekuwa amezoea kumaliza beseni kabla ya saa nne, alirudi nalo nyumbani limejaa, na njiani alilia. Kama ingeendelea hivyo, basi biashara ingekufa.

Asubuhi iliyofuata wote wawili walikuwa Mbarara, ghorofa ya pili, juu ya magodoro.

"Papa," Mariette alianza, hata kabla ya kukaa, "fasi yetu umepatia bazungu gani? Mimi niko pale miaka mingi. Muzungu nilionaka mumoja tu, wa ONG, bale ba misaada, akapita na gari. Hakushukaka."

"Wako. Hesabu inasema wako."

"Bako wapi?"

"Pembezoni."

"Na watauza nini, ssebo, bwana mkubwa?" Mackline akauliza.

"Wazungu wenyewe wataamua wakifika."

"Sikiliza, ssebo." Mackline aliweka mikono yote miwili mezani. "Mimi ni mwenyeji, sindiyo?"

"Mwenyeji Kamili."

"Na bwana yangu, Sajini Meddy?"

"Ametoka wapi?"

"Busoga."

"Mwenyeji wa Kuja. Safu ya Tatu."

"Na watoto yetu?"

Bwana Ainembabazi alifikiri kwa makini, maana hakutaka kuonea mtoto. "Wanauza nini?"

"Hawauzi kitu. Iko shule!"

"Basi hawana safu. Tatizo limekwisha."

"Tatizo limekwisha?" Mariette alisimama. "Papa, mutu akikunywa chai kule, akavuka barabara na mvua aje kukula andazi huku nyuma ya kinu, atakuwa muzima wa akili? Chai na mandazi ile ni kabila moja! Andika hiyo!"

Bwana Ainembabazi aliwaeleza kwa upole kwamba Mwongozo hauna fungu la vitafunio. Wakashuka ngazi wakimtukana, Mariette kwa Kibembe na Mackline kwa Kinyankore. Kinyankore alikielewa chote, ila kwa kuwa ofisi yake inatambua Kiswahili peke yake, hakuudhika.

Tena alikuwa na kubwa la kufikiria. Mawaziri walikuwa wameshangazwa na ripoti. Ubalozi mmoja wa Ulaya ulikuwa umeandika kuuliza wananchi wake hao walipotelea Endiinzi lini, na ungemtuma mtu aje kuwaona. Mheshimiwa Goretti angemleta mwenyewe, na barua ya kumthibitisha Bwana Ainembabazi angeisoma pale pale sokoni, mbele ya Wazungu wote.

Bwana Ainembabazi alimpigia simu Mzee Naboth.

"Mzee, Ijumaa nawataka Wazungu sokoni. Wote. Wa kwako na wa majirani."

"Wote? Hata wenye mimba?"

"Hasa wenye mimba. Ni picha nzuri."

"Na nusu?"

"Na nusu. Waoshwe, tafadhali. Wageni wanatoka Kampala."

"Dawa inakuja?"

"Kila kitu kinakuja, mzee wangu."

Ijumaa ilifika na jua lake. Safu ya Kwanza ilipambwa kwa majani ya migomba na maua, viti vya plastiki vikapangwa, na juu ya kila kiti pakawekwa soda. Mkewe alikuwa amembariki kwa tai mpya nyekundu, yeye akabaki Mbarara kuandaa sherehe ya jioni na wale akina mama wa kanisani, wote, bila kumsahau hata mmoja. Mheshimiwa Goretti alishuka kwenye gari akiwa na mgeni wa ubalozi, kijana mrefu mwekundu wa shingo. Sajini Meddy alikuwa amekuja na wenzake kulinda usalama. Watu wa senta walijaa pande zote. Mariette na Mackline walisimama mbele kabisa, mikono kifuani, waone huyo mzungu atakayekaa mahali pao.

"Mabibi na mabwana," Bwana Ainembabazi alisema, "kwa muda mrefu imesemwa kwamba hawapo. Leo watatembea kwa miguu yao wenyewe mpaka hapa."

Na wakatembea. Kwanza lilikuja vumbi, halafu mluzi wa Mzee Naboth, halafu wao wenyewe, weusi kwa weupe, wameoshwa wanang'aa, matumbo mbele, na yule mwenye kiburi akiwa ametangulia. Nyuma yao majirani na fimbo zao na wazungu zaidi. Waliingia Safu ya Kwanza bila kusukumwa, wakakata kamba ya plastiki, wakala majani ya migomba, wakala maua, wakanywa bomba. Mmoja alikula kurasa mbili za hotuba mkononi mwa msemaji.

Kisha Mariette akapiga yowe la kicheko, akamshika Mackline bega ili asianguke. "Mama weee! Bazungu ni bale! Bazungu ya maziwa!"

Baada ya hapo hakuna aliyesikia tena kitu. Watu walicheka wakalala chini. Askari walicheka na bunduki zao. Mzee Naboth peke yake hakucheka, alikuwa akiuliza kila aliyevaa viatu kama yeye ndiye mwenye dawa ya kupe.

Mheshimiwa Goretti alimvuta Bwana Ainembabazi nyuma ya kinu kwa ile tai nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Ni Wazungu, Mheshimiwa."

"Wana mikia!"

"Swali la mkia halikuwamo, Mheshimiwa."

"Ainembabazi. Nimewasoma hawa mbele ya mawaziri. Mawaziri wamepiga makofi. Unataka nirudi niwaambie nilisoma ng'ombe?"

Bwana Ainembabazi alimwona akilini mkewe, kule Mbarara, akigawa sahani kwa wale akina mama, aliona midomo yao, na kwa mara ya kwanza tangu aanze utumishi alitaka kusema, samahani, nimekosea. Neno lilifika mpaka kooni. Kabla halijatoka, mgeni wa ubalozi alitokea akikimbia, macho yamemjaa machozi.

Alikuwa amekulia shambani, akasema, kwa bibi yake, na hajawaona ng'ombe wa namna hii tangu afike Afrika. Akawaambia, kwa mkono juu ya moyo: "Hawa ni wa kwetu kabisa."

Mheshimiwa Goretti alisimama. Akaweka miwani sawa. Hakufika alipofika kwa kulala usingizi.

"Umesikia?" akasema. "Ubalozi umewatambua."

Dakika hiyo hiyo alikuwa jukwaani, na kipaza sauti mkononi. Alisema ripoti ya Rwenkanja ni sahihi na imethibitishwa na nchi rafiki. Alisema Safu ya Kwanza ni mali ya Wazungu, kama Mpango unavyotaka, na asiikanyage mtu mwingine isipokuwa wanaowafanyia kazi. Halafu akafungua bahasha.

"Na kwa kuwa jamii hii imegunduliwa na mtu mmoja, si haki kumtenganisha nayo. Kuanzia leo Bwana Ainembabazi si Kaimu tena. Ni Mkurugenzi kamili, Mkurugenzi wa Wazungu wa Rwenkanja, na kituo chake cha kazi ni hapa hapa walipo. Afya yao, malisho yao na kupe wao viko chini ya ofisi yake. Anaanza leo."

"Na ofisi ya Mbarara, Mheshimiwa?" Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwenye magodoro anataka kupanua duka."

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawauma. Mzee Naboth alimpa Mkurugenzi mkono, akamwambia daktari, sasa umefika nyumbani, akamkabidhi fimbo. Na Mackline, mtu asiyependa muda upotee, alishaongea na Mzee Naboth bei ya lita, akaingia chini ya paa na sufuria.

"Wewe unaenda wapi?" askari wa soko akamzuia.

"Mimi niko kazini kwa wazungu, nyabo huyu mwenzangu pia," akamvuta Mariette na kikaango chake. "Hukusikia Mheshimiwa?"

Askari alikuwa amesikia. Akawapisha, halafu akauliza kama chai itachelewa. Haikuchelewa. Mheshimiwa Goretti mwenyewe alikula mandazi manne kwenye benchi, bega kwa bega na Mrundi mmoja, Msomali mmoja na mgeni wa ubalozi, kila mtu akilalamika kwamba mwenzake amekaa upana. Kisha akaingia kwenye gari akaondoka na vumbi lake.

Jioni simu ya Mkurugenzi ililia. Nyuma ya sauti ya mkewe zilisikika sahani na vicheko vya akina mama wa kanisani.

"Baba Ronah! Nimekuweka kwenye spika, wote wanasikia. Umepata?"

"Nimepata."

"Kamili?"

"Kamili kabisa. Mkurugenzi wa Wazungu."

Vigelegele vikalipuka huko Mbarara. Huku Rwenkanja yule mwenye kiburi, aliyekuwa amesimama mgongoni mwa Mkurugenzi kwa muda mrefu akisubiri kuhudumiwa, alipaza sauti yake yote.

Vigelegele vikakoma. "Ni nani huyo analia hivyo?"

"Ni... mmoja wa Wazungu."

"Bambi, masikini! Anataka nini?"

Mkurugenzi alimtazama. Akamtazama Mzee Naboth, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgeni rasmi akinywa soda ya mgeni rasmi na ambaye hakuwa na dalili yoyote ya kuinuka.

"Anataka kukamuliwa," akasema.

Mariette akaja na ndoo, akaiweka miguuni pake taratibu, kwa heshima zote anazostahili Mkurugenzi.

"Vua koti kwanza, papa," akamwambia. "Huyu anapigaka teke."